Kupunguza ukinzani wa upepo kwenye Corolla ya zamani

Mkuu, umeuliza kama Corolla yako ya zamani unayopiga nayo Mwanza–Musoma unaweza kuipunguzia upepo unaoikaba ikikimbia (siyo upepo wa matairi) kwa kazi za kujifanyia mwenyewe nyumbani ili ile mafuta kidogo, inawezekana kabisa. Kwanza toa keria kama huna mzigo, hiyo ni bure na inasaidia sana.

Ukitoka Magu barabara imenyooka watu wanakanyaga, na nguvu ya upepo kuikaba gari haiongezeki taratibu, kutoka 60 hadi 120 inakuwa mara 4, kwa hiyo ukitembea 80 badala ya 110 tayari umeokoa hela.

Halafu chungulia chini ya bampa, kava ya plastiki ya chini ya injini kwa gari nyingi za zamani ishang'oka, kata plastiki ngumu uifunge kwa bolti na washa pana, upande wa mbele uingie juu ya mdomo wa bampa usije ukashika hewa ikachanika, acha tundu la kumwagia oili na usiikaribishe na ekzosi, itayeyuka!

Shoo ya mbele (grili) ziba nusu tu ili hewa isiingie nyingi, na Mwanza kwa joto na milima ile ya Bugando geji ya joto la injini uiangalie kweli, ikipanda toa ulichozibia. Spoila za urembo achana nazo.