Mbolea yako ibaki shambani, isishuke ziwani

Mvua za kwanza zikianza huku Kigoma, Mto Luiche hushuka mwekundu mpaka Ziwa Tanganyika. Wekundu ule ni udongo wa juu, wenye rutuba, na umebeba mbolea tuliyoinunua kwa fedha ngumu.

Mbolea ya urea huyeyuka na kwenda na maji. Fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea ya kupandia, haiko hivyo. Sehemu yake kubwa hung'ang'ania chembe za udongo, na udongo ukihama, nayo inahama. Kwa hiyo ndugu mkulima, ukitaka kuilinda mbolea yako, ushike kwanza udongo. Mfuko wa DAP, ile mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulioandikwa 18-46 una takriban kilo 10 za fosforasi yenyewe, na kilo moja tu ikifika majini inaweza kuotesha mamia ya kilo za mwani, ule ukijani unaoota majini.

Mimi mbolea ya kupandia siirushi juu ya ardhi. Nachimba shimo, naweka mbolea ya kujaa kizibo kimoja cha chupa ya soda, nafukia kwa udongo kidogo, ndipo naweka mbegu ili isiungue. Matuta nayakingamisha na mteremko, kamwe siyaelekezi bondeni. Kando ya kijito nimeyaacha matete yasimame. Mvua kubwa ikipita, nenda ukatazame kwenye mashina yake: utakuta tope laini, jeusi, limelala pale. Hilo ni shamba lako lililokuwa linaondoka! Wapo wanaoona matete yanakula eneo, lakini Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na kwa macho yangu naona ni sheria yenye akili.

Najua hoja ya wengi: ziwa lina kina cha mita 1,470, litadhurika na nini? Tope haliendi huko kilindini kwanza. Linaanzia ufukweni, linafunika mawe ambako samaki wadogo hula na kuzaliana, palepale tunapochota maji ya kunywa. Tena ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo kilichoingia hukaa sana.

Akina mama wa Kibirizi na Katonga, nawaomba maji ya kufulia yabebwe yakatumike mbali na ukingo, yamwagwe kwenye migomba. Na mkiona maji yamekuwa kijani kama rangi iliyomwagwa, msiyanywe hata yakichemshwa. Baadhi ya mwani wa aina hiyo hutoa sumu isiyoondolewa na moto.

Kabla ya kununua DAP ya msimu ujao, muone afisa ugani akuelekeze namna ya kupima udongo. Fosforasi hujilimbikiza, na shamba lililokwisha kutosheka halihitaji mfuko mwingine.