DVD ya harusi inayokwama
Dada, hiyo DVD ya harusi yako ya 2009 inayoganda kila mkifika kwenye keki, usiitupe kwanza. Ioshe kwa maji na tone la sabuni, kisha uifute kwa kitambaa laini kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoisumbua deki zaidi. Usiisugue kwa dawa ya meno kama wengine wanavyofanya, hiyo ibaki kwenye mswaki. Halafu ijaribu kwenye kompyuta. Yangu ya kipaimara ilikataliwa na deki mbili, ikaja kusoma kwenye kompyuta chakavu ya jirani! Ikifunguka tu, nakili zote siku hiyohiyo kwenye fleshi ya GB 8, kwani DVD ya kawaida haizidi GB 4.7.

Tatizo ni kwamba DVD za kuchoma, yaani zile tupu zinazorekodiwa kwa kompyuta, hutunza picha kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Ikiwa imeshafifia, sabuni haitasaidia kitu.

Zile CD zako za kwaya nazo angalia upande wa lebo. Data iko chini yake hapohapo, ukikwaruza juu ndo basi tena.