Jua halina doa, darubini ni mbovu?
Mdogo wangu wa Raskazone kule Tanga, umeuliza kama darubini yako ni mbovu kwa vile unaakisi jua kwenye karatasi na wiki nzima huoni doa (yale mabaka meusi ya jua). Wiki nzima bila doa sio ubovu, kama ukingo wa jua unatoka mkali kwenye karatasi basi fokasi iko poa, jua lina mzunguko wa kama miaka 11 na kipindi cha utulivu ndo kinakuwaga hivyo, hata 2019 ilikuwa hivihivi. Endelea kurekodi tarehe, saa na idadi ya madoa, hata kama ni sifuri, hiyo sifuri ni data kabisa! Subiri jua lipande kidogo juu ya bahari, usichungulie jua kamwe kwenye darubini, na ile darubini ndogo ya pembeni ya kulengea izibe. Milipuko ya jua sasa, kwenye karatasi huioni kirahisi, fuatilia grafu za eksrei za jua za GOES, satelaiti za Marekani, ikifika daraja la M (mlipuko wa nguvu ya kati) ujue jua limeamka.