Darasa lako la kwanza la yoga Mwanza: ya kuweka sawa kabla hujatoka nyumbani

Huwa napokea wageni kwenye darasa letu la jioni, na karibu kila mmoja anaanza na wasiwasi uleule: "Mwili wangu umekaza, nikiinama sifiki hata kwenye magoti, kweli nije?" Njoo. Mwili uliokaza haujawahi kumharibia mtu darasa la kwanza. Kinachoharibu ni kile alichokula mchana, na kile alichomficha mwalimu.

Tuanze na tumbo, maana hapa kwetu ndiko kwenye shida. Darasa la jioni linaanza saa 11, mtu ametoka kazini, amekula ugali na sato wa kupaka saa 9, kashushia soda. Robo saa ya mwanzo anaona mambo mepesi. Mwalimu akisema tuiname, tujipinde upande, tulale kifudifudi, yule sato anaanza kudai njia ya kurudi. Mlo mzito uache saa 3 au 4 kabla ya darasa. Kama siku hiyo unajua utakuja, kula saa 7, tena kwa kiasi, na maharage na soda viahirishe mpaka usiku, kwa sababu gesi tumboni haina siri ukiwa umekunja magoti kifuani katikati ya watu kumi na kitu. Ukishikwa na njaa saa 10, ndizi mbivu moja au kipande cha papai kinatosha. Maji kunywa taratibu tangu asubuhi, usisubiri kujaza chupa nzima mlangoni. Kwa darasa la alfajiri ni rahisi zaidi: unakuja na maji kidogo tumboni, chai utaikuta ukirudi. Lakini anayetumia dawa za kisukari asije na tumbo tupu kwa kuniiga mimi. Hilo akaulize kwa daktari wake.

Kuhusu kukaza, niseme kitu ambacho kinawashangaza wengi. Mama anayeshinda amechuchumaa akichambua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anachuchumaa na visigino vyote vikiwa chini bila kufikiria. Mtu wa ofisini, mwenye ada ya jimu na raba mpya, akijaribu anaanguka nyuma. Nyonga na misuli ya nyuma ya mapaja hukaza kwa kukaa kwenye kiti, kwenye gari, kwenye bodaboda kutwa nzima. Kwa hiyo usijilinganishe na umri wa jirani yako wala unene wake. Hujui siku yake huwa anaikaa vipi.

Vifaa visikusumbue. Mkeka wa yoga wa kawaida una urefu wa sentimita 173 hivi, upana wa 61, na unene wa milimita 4 hadi 6. Uliza kwanza kama darasa lina mikeka ya kuazima kabla hujatoa hela. Mkeka wetu wa ukili ni mzuri wa kukalia, ila kwenye sakafu ya vigae unateleza, na ukiwa umeinama mikono na miguu ikiwa chini, kuteleza ni kuumia kifundo cha mkono. Njoo na kanga au kitenge. Ukikikunja unaweka chini ya goti linalouma, ukikipitisha nyayoni unavuta mguu usioufikia, na mwisho wa darasa unajifunika. Kuna wageni wanaona haya kupewa tofali la sponji au mkanda, wanadhani ni vya wazee na wagonjwa. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Kihindi aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, ndiye aliyezieneza zana hizi duniani, naye viungo vyake vilikuwa laini kuliko vya yeyote utakayemkuta Isamilo. Ukipewa, pokea.

Nguo: mitumba ya soko la Mlango Mmoja inatosha kabisa. Tisheti isiwe pana sana, kwa sababu ukiinama inakufunika uso na kuacha mgongo wazi, ichomekee. Mwanaume mwenye bukta pana avae taiti ndani, tafadhali. Anayejistiri kwa hijabu achague kitambaa chepesi kisichohitaji pini nyingi, na suruali pana ya kitambaa kinachovutika inafanya kazi vizuri. Miguu inakuwa peku, basi ioshe.

Sasa lile swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini. Je, hii si dini? Yoga ilizaliwa India, ndani ya mila na imani za kule, na mwalimu asikudanganye kwamba haina historia hiyo. Pia ni kweli kwamba madarasa mengi leo ni mazoezi ya mwili na pumzi tu. Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa siku ya kimataifa ya yoga mwaka 2014, na wanaoiadhimisha ni watu wa imani zote. Mimi nashauri hivi: mpigie mwalimu kabla, muulize waziwazi kama kuna kuimba, kuna "Om" (sauti takatifu ya Kihindu inayotamkwa kwa kuvuta), kuna maombi. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta darasa jingine. Ukiwa ndani na ukakuta kitu kinachogusa imani yako, nyamaza, endelea kupumua. Hakuna anayekulazimisha. Na ukiona bado moyo hautulii, kuna mazoezi mengine mengi ya kunyoosha viungo.

Kabla ya kuanza, mvute mwalimu pembeni. Presha, mimba, goti lililowahi kuteguka, mgongo, upasuaji wa karibuni, presha ya macho: yote mwambie. Mwenye presha ya macho, au presha ya damu isiyodhibitiwa, hatakiwi kukaa kichwa chini miguu juu. Mjamzito halali kifudifudi. Mwalimu mzuri atakupa mkao mbadala bila kukutangaza. Na kama hupendi kushikwa unaporekebishwa, mwambie hapohapo. Kwa akina dada hili wengi hulimeza, halafu hawarudi tena.

Ukiingia, usijifiche mstari wa nyuma. Darasa likigeuka kutazama upande wa pili, nyuma ndiyo inakuwa mbele, nawe huna wa kumwangalia. Kaa katikati. Wahi robo saa, maana daladala za kutoka Buhongwa au Igoma jioni hazina ahadi. Simu izime kabisa, hata ule mtetemo sakafuni unasikika.

Pumzi ndiyo kipimo chako. Vuta kwa pua, toa kwa pua. Ukijikuta umebana pumzi au unahema kwa mdomo, umezidisha. Rudi nyuma kidogo, au piga magoti, kalia visigino na uweke paji la uso chini mpaka utulie. Huo unaitwa mkao wa mtoto, na unaruhusiwa wakati wowote bila kuomba. Misuli kuvutika ni sawa. Maumivu makali ndani ya kiungo, ganzi au kizunguzungu, acha.

Wengine wanataka kuanzia ufukweni au juu ya mawe ya Capri Point kwa ajili ya picha. Kwa siku ya kwanza mimi sishauri. Mchanga unazama, usawa wa mwili unapotea. Jiwe lenye mteremko linateleza, na mchana linaunguza nyayo. Wingu la wadudu wa ziwani likipita wakati mwalimu anasema "vuta pumzi ndefu," utanikumbuka. Ukienda hata hivyo, nenda asubuhi jua halijakaza, na jasho lako usilioshee ziwani. Kichocho kipo.

Mwishoni mtalala chali dakika chache. Usikunje mkeka ukatoka, hata kama bodaboda inakusubiri. Ukikoroma hutakuwa wa kwanza. Kuinuka, geukia ubavu kwanza, kisha jisukume kwa mikono.

Kesho yake na keshokutwa mapaja na mabega yatauma. Ni kawaida, yanapoa yenyewe, tembea tu. Na ada ya mwezi usiitoe siku ya kwanza hata ukiambiwa kuna punguzo. Lipa kwa kipindi kimoja, kisha kingine na mwalimu tofauti kama yupo, ndipo uamue.