Baba ameacha dawa za presha, anasema swala inamtosha

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yangu ana miaka 68 na swala tano zote anaziswali msikitini. Juzi alisikia kwenye mawaidha kuwa wazungu wamethibitisha wahudhuriaji wa ibada huishi zaidi. Tangu hapo ameacha vidonge vya presha. Nikimsemesha, ananiambia imani yangu haba. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah, binti yangu.

Utafiti huo upo. Ulitolewa mwaka 2016 na watafiti wa Harvard, Marekani, waliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki, hatari yao ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Wengi wao ni watu wa kanisani, jambo ambalo sijui kama mtoa mawaidha alilitaja! Na hakuna aliyeambiwa atupe dawa zake. Watafiti wenyewe walitaja sababu: wahudhuriaji walivuta sigara kidogo, walikuwa na sonona kidogo, na walikuwa na watu wa kuwashika mkono.

Hilo la mwisho sisi tunaliona kila siku. Mzee akishaswali Alfajiri hukaa barazani na wenzake, kahawa chungu na tende mbili. Asipoonekana siku mbili, ya tatu mtu anabisha hodi kwake. Jamaa ya msikitini ina heri hiyo, lakini haishushi presha ya mtu aliyeandikiwa dawa.

Kama ibada ingekuwa kinga ya maradhi, sahaba wa Mtume, Abu Ubayda bin al-Jarrah, asingekufa kwa tauni ya Amwas huko Sham (nchi za Syria na Palestina), mwaka wa 18 Hijria. Naye ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Sahaba mwenzake, Muadh bin Jabal, akafa kwa tauni hiyo hiyo. Nani atasema imani yao ilikuwa haba?

Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu. Akawajibu wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja: uzee. Hadithi hii imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik. Basi baba akimeza kidonge anafuata Sunna, hajaipunguza tawakali yake, yaani kumtegemea kwake Mwenyezi Mungu.

Wewe usibishane naye. Mzazi hapendi kufundishwa dini na mwanawe, hata mwana akiwa na haki. Mwendee imamu wa msikiti wenu faragha, umwombe aseme naye wakiwa hapo barazani. Kisha mpelekeni akapimwe kabla ya kurudia dawa, daktari ndiye aseme kiasi gani. Akipata kizunguzungu katika kuinuka, aswali ameketi. Ruhusa hiyo Mtume alimpa sahaba wake Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa. Na kama dawa ni ya asubuhi, iweke kwenye sinia la kahawa, aikute akirudi msikitini.