Maswali ya Wavuvi: Ziwa kubwa lenye upepo, boti ya futi ngapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mvuvi wa ndoano, nina boti ya alumini ya futi 14, chini ni bapa, nimeitumia mtoni miaka mingi na haijawahi kunisumbua. Sasa nimehamia kwenye ziwa kubwa, ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Asubuhi maji yametulia kabisa ila ikifika mchana upepo unaamka, mawimbi yanakuja ya karibu karibu na boti inapigwa chini mpaka mgongo unauma. Huwa tunaingia watatu, mimi, kijana wangu na rafiki. Kuna wanaoniambia futi 16 inatosha, wengine wanasema chini ya 20 nisiguse. Hela niliyonayo ni ya boti moja tu, nichukue ipi?

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuuliza kabla hujalipa. Nikupe jibu kwanza halafu nieleze: watu watatu kwenye ziwa la namna hiyo, chukua futi 18 yenye tumbo la V (chini imechongoka, sio bapa) na mbavu ndefu, yaani kuta za pembeni zilizoinuka. Futi 16 ya V yenye mbavu ndefu naikubali kama mngekuwa wawili, au kama hamuendi mbali na nchi kavu. Futi 20 na kuendelea ni nzuri sana majini ila ina mambo yake, nitayasema.

Sasa kwanini ile 14 ilikuwa sawa mtoni na huku inakutesa? Ukubwa wa wimbi unatokana na vitu vitatu, kasi ya upepo, muda uliovuma, na umbali ule upepo unaosafiri juu ya maji bila kukutana na nchi kavu. Mtoni huo umbali haupo, upepo unavuka mita mia mbili tatu unagonga miti basi. Ziwani unakuja toka huko usikokuona unasukuma maji njia nzima. Hafu wimbi la ziwa sio kama la bahari kuu, lile la bahari linaweza kuachana sekunde 10 au zaidi, boti inapanda taratibu inashuka taratibu, la ziwani mara nyingi ni sekunde 3 mpaka 5 tu kwahiyo kabla omo, yaani mbele ya boti, haijainuka vizuri jingine hilo limeshafika. Na kama ziwa ni la kina kifupi ndo balaa zaidi, mfano Ziwa Erie kule Amerika Kaskazini, wastani wa kina chake ni kama mita 19 tu, ziwa kubwa vile, na linajulikana kwa mawimbi yanayoinuka haraka na kusimama wima.

Hapo ndipo urefu unaposaidia, boti ndefu haizami kwenye kila bonde la wimbi. Kuna kipimo kinachotumika kwenye mambo ya usalama wa vyombo: wimbi linalovunjika lenye urefu kama asilimia 30 ya urefu wa chombo, likikupiga ubavuni, linaweza kukupindua. Futi 14 ni mita 4.3, kwahiyo wimbi la mita 1.3 tu linatosha. Futi 18 ni mita 5.5, hapo unaongelea mita 1.6 na kitu. Huo ndo mstari wa hatari yenyewe, usiuchukue kama ruhusa ya kusogelea.

Lakini urefu peke yake usikudanganye, na hapa ndo nataka unisikilize sana. Watu wanauliza futi ngapi futi ngapi, mimi naangalia mbavu zinabaki juu ya maji kiasi gani boti ikiwa imebeba watu, mafuta, nanga, samaki na injini IMEZIMWA. Niliwahi kuwa na boti ndefu ya kutosha ila nyuma pale bao la kufungia injini lilikuwa fupi, siku moja tumesimama tunavuta mshipi, wote tumerundikana nyuma, boti ikageuka ikalipa wimbi mgongo. Wimbi lenyewe wala halikuwa kubwa. Liliingia moja, kabla hatujashika ndoo likaingia la pili. Maji ni mazito kuliko watu wanavyofikiria, sakafu ya mita 4 kwa 1.5 ikijaa sentimita 10 tu ni kilo 600, ni kama umepakia ghafla watu wanane wasiotulia, maana yanakimbilia upande ule ule boti inakolalia. Tulifua maji mpaka mikono ikafa ganzi, tukarudi, ila toka siku ile boti yoyote naanza kuikagua nyuma ndo nakuja mbele. Bao liwe la injini ya mguu mrefu (mguu ni ile sehemu inayoshuka majini na pangaboi), karibu sentimita 51, lile fupi la 38 liache huko huko mtoni, na hata pangaboi la mguu mfupi kwenye mawimbi linatoka linavuta hewa, injini inalia na boti haiendi.

Tumbo la V linapasua wimbi badala ya kulipiga, mgongo wako utashukuru. Ubaya wake ni kwamba ukisimama kuvua inayumba kuliko chini bapa na inataka injini yenye nguvu zaidi, ndo maana upana nao uwepo, futi 7 kwa hiyo 18 ni vizuri. Injini usibane sana, kama boti imeandikwa mwisho nguvu farasi 100 funga angalau 75, kwasababu kurudi na mzigo dhidi ya upepo ndo kazi yenyewe.

Kuhusu 20 na 22: zinataka injini kubwa, mafuta mengi, na watu wa kuishusha na kuipandisha. Kama una vyote hivyo na unavua mbali, nunua tu. Kama huna utajikuta unaiacha nchi kavu unaazima mtumbwi, na mtumbwi ndo utakaokukuta nao upepo.

Idadi ya watu, kwa boti za chini ya futi 20 kuna hesabu ya haraka, urefu mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. Ya kwako 14 kwa 5 inatoa wanne, ile 18 kwa 7 inatoa wanane. Hiyo ni ya maji tulivu! Kwenye ziwa la upepo mimi nakata nusu, na boya la kuokolea analivaa kila mtu, kijana wako awe wa kwanza kulivaa, asilikalie. Na hata ukiwa na hiyo 18, ukiona povu jeupe limeanza kutokea kila mahali juu ya mawimbi, hapo upepo ni kama kilomita 20 mpaka 28 kwa saa, kunja mishipi mrudi wakati njia bado ipo.

SWALI: Je naweza kuongeza mbao juu ya mbavu za hii hii futi 14 ili nisinunue mpya?

JIBU: Swali hili limetoka kwa msomaji mwingine mwenye boti kama hiyo hiyo. Mbao zitazuia maji ya kurukia, hilo kweli. Ila chini bado ni bapa, nyuma bado ni fupi, umeongeza uzito juu na ukuta wa upepo kusukuma. Itumie karibu na nchi kavu asubuhi, saa nne uwe umeshaivuta juu.