Wasomaji Wanauliza: Ardhi, Maji na Miradi ya Umeme

SWALI: Kampuni ya umeme wa jua inataka hekta 400 za malisho yetu ya kiangazi. Ilituita kikao, tukasaini mahudhurio, tukanywa soda. Sasa mtendaji anasema kijiji kimeshakubali. Ndivyo? (Msomaji, Longido)

JIBU: Sivyo. Mahudhurio yanaonyesha mlikuwepo, basi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwandikieni mtendaji barua, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, mkiomba muhtasari wa siku ile. Tazameni ajenda na azimio. Hila huanzia kwenye karatasi ya majina isiyo na kichwa: inaweza kubanwa nyuma ya muhtasari wowote. Kuanzia sasa, tarehe na ajenda ziandikwe juu ya kila ukurasa kabla mtu wa kwanza hajasaini.

Kisha ulizeni: ardhi inahamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani inayosimamiwa na serikali kuu badala ya kijiji? Ikihamishwa, kijiji hakina tena mamlaka juu yake, hata mradi ukifa. Ikiwa hekta 250 au chini yake, mkutano mkuu unakubali au unakataa. Zaidi ya hapo unatoa mapendekezo, waziri anaamua. Nyinyi mko kwenye 400, kwa hiyo kupiga kelele mkutanoni hakutoshi. Kwenye mapendekezo yenu ambatanisheni mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha malisho, visima na njia za mifugo. Malisho hayana nyumba wala mazao. Yasipochorwa huitwa pori.

Ulizeni pia ni megawati ngapi. Megawati 1 ya paneli hula kama hekta 2, na zote huzungushiwa uzio, ng'ombe hapiti. Mradi wa megawati 50 unahitaji hekta 100 hivi. Hizo 300 nyingine ni za nini? Wajibu kwa maandishi.

Na msingoje ujenzi. Kule Marsabit, Kenya, wananchi walikwenda mahakamani mwaka 2014 kuhusu mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Hukumu kwamba hati zilipatikana isivyo halali ilitoka Meru Oktoba 2021, mitambo 365 ikiwa imeshasimama.

SWALI: Mradi mdogo wa umeme wa maji unajengwa mtoni, upande wa juu wa mfongo wetu (mfereji wa asili wa kumwagilia). Wanasema maji yote yatarudi mtoni. (Msomaji, Moshi Vijijini)

JIBU: Yatarudi, lakini chini ya mtambo. Kipande kati ya banio lao (wanapochepushia maji) na mtambo ndicho kinachokauka, na mfongo wenu ukichotea hapo umekwisha. Nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi iko Moshi, mkaulize kibali chao kinaruhusu lita ngapi kwa sekunde, na kama mfongo wenu una kibali. Wengi hawana, hapo ndipo wanaposhindwa.

Pimeni maji ya mfongo wakati wa kiangazi. Chagueni mita 10 zilizonyooka, mtupe kijiti. Kikitumia sekunde 20, kasi ni mita 0.5 kwa sekunde. Upana mita 0.6 mara kina mita 0.3 mara kasi 0.5 mara 0.8 (maji ya chini huenda polepole) ni mita za ujazo 0.072, yaani lita 72 kwa sekunde. Rudieni mara tatu, mwandike tarehe, mwenyekiti wa mfongo asaini.